Aliyeondoa Ukoko

4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mzigo umefika na basi la asubuhi, na kondakta safari hii hakuufungua kupekua. Vitambaa vyote vizima. Kile cha bluu chenye nyufanyufa nimekikatia mikoba, mmoja nimeutundika mlangoni pa duka. Wanawake wakija kupima nguo zao wanaushika kabla hata hawajasema hodi.

Sasa sikiliza, na usianze kufoka. Naomba uniandikie namna unavyovitengeneza, hatua kwa hatua, kuanzia unga mpaka pasi. Kuna mteja mmoja, mama mtu mzima, amenikaba koo anataka kujua. Nimemwambia si kazi rahisi, wala hasikii. Ukiweza barua inifikie kabla ya tarehe kumi na tano.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatuwezani. Nikianza neno unalimalizia, na nikitaka kulisahihisha umeshakata.

Mama ameshaondoka kwenda kwa Mjomba? Mjomba ananiambia hospitali ya macho pale kwao ina foleni, anaweza kungoja wiki kadhaa kabla ya kutolewa huyo mtoto wa jicho. Mwambie asisahau sweta.

Mdogo wako,
Sindano

9 Machi

Wewe Sindano,

Marahaba. Kabla ya yote nina neno. Nimeuona mkoba uliomshonea Mama wa kwendea hospitali. Umempasua ndege wangu katikati! Jumamosi nzima nimeinama namchora yule ndege kwa jino la chanuo, manyoya mojamoja, wewe umekuja kumpitishia zipu shingoni. Kitambaa kilichopambwa kwa mkono hakikatwi kama kitambaa cha dukani. Unakitandika kwanza, unakizunguka, unauliza kinataka kuwa nini, ndipo unashika mkasi. Ungekuwa kinyozi, watu wangetoka kwako bila masikio.

Haya. Mwambie huyo mteja wako hivi.

Atafute pamba tupu, isiyochanganywa na nailoni. Aifue kwa sabuni mpaka wanga wa kiwandani uishe, kisha aibane kwa pini juu ya ubao. Akoroge unga wa ngano na maji, sawa kwa sawa, pasiwe na donge hata moja. Aumwage juu ya kitambaa na kuutandaza kwa kipande cha kadibodi, unene wa kucha. Akitaka kuchora ndiyo saa yake, achore kwa chanuo au nyuma ya kijiko kabla uji haujashika. Aache kivulini. Juani usithubutu, unajikunja na kubanduka. Kesho yake unakuwa ukoko mgumu. Hapo anatoa pini, anakishika kitambaa kwa mikono miwili na kukivunjavunja, ukoko upasuke. Nyufa zitakwenda zinakotaka, hiyo ndiyo raha yake. Halafu rangi ya poda ya dukani, ikorogwe na maji kidogo iwe nzito, aipake kwa brashi akisugua ili iingie nyufani. Aache siku mbili. Baada ya hapo ni kuloweka kwenye maji mpaka ukoko ulainike, kuukwangua, kusuuza, kuanika, kupiga pasi. Basi.

Asidhani ni mchezo. Mwaka wa kwanza niliharibu mashuka mawili na shati la marehemu Baba.

Mama ameondoka Jumapili. Amevaa sweta. Mimi nipo palepale, Jumatatu hadi Ijumaa kwenye chumba cha mafaili cha zahanati, nameza vumbi na kuwatafuta watu waliopoteza kadi zao. Mganga mkuu bado ananiita "wewe dada wa mafaili," miaka miwili hii. Nakuambia ukweli, Sindano, Jumamosi ndiyo siku pekee mikono yangu inapofanya jambo ambalo mtu mwingine asingelifanya vilevile. Nikipata mlango wa kutoka mle ndani, sitarudi hata kuchukua mwavuli.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Leo sina shikamoo.

Nimesimama mbele ya watu ishirini na sita nimevuliwa nguo, na aliyenivua ni wewe. Hakuna mteja. Hakukuwa na mteja yeyote. Kuna chuo cha ufundi hapa, mtaa wa pili kutoka dukani kwangu, na wanatafuta mwalimu wa kupamba vitambaa kwa mkono. Mkuu wa chuo alipita, akauona ule mkoba mlangoni, akauliza nani kaupamba. Nikasema mimi. Ndiyo, nimesema. Endelea kusoma.

Nilifuata barua yako kama ninavyofuata vipimo vya bibi harusi. Unga sawa kwa sawa. Unene wa kucha. Kivulini. Siku mbili. Nikakibeba kitambaa kimekakamaa kama mlango, nikakiingiza darasani, wanafunzi wakajipanga, mkuu wa chuo mbele kabisa na blauzi yake nyeupe. Nikakitia kwenye maji.

Maji yakawa bluu hapohapo. Nikajikaza, nikasema itakaa sawa, nikaanza kukwangua. Chini ya ukoko hakuna ufa wala mstari wala ndege. Kitambaa kizima kimekuwa rangi ya dekio. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, hilo ndilo pambo?" Wakaangua kicheko. Nikakinyanyua kwa pupa kukificha, maji yakamrukia mkuu wa chuo mkono mzima.

Umeacha hatua. Usiniambie umesahau, wewe unayekumbuka zipu niliyoipitisha wapi. Umeiacha makusudi kwa sababu huwezi kuvumilia mtu mwingine ashike brashi. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, nami nimekuwa nikicheka, kumbe nasemwa mimi.

Mkuu wa chuo ni muungwana kuliko wewe. Amenipa siku nyingine, tarehe 18 Aprili. Nataka hiyo hatua iliyobaki, na safari hii uiandike yote.

Sindano

24 Machi

Sindano,

Barua yako nimeisoma nimesimama.

Nikasema mimi! Umeyaandika maneno hayo mawili, ukaweka nukta, ukaendelea na habari ya blauzi ya mkuu wa chuo, kana kwamba umesema umenunua chumvi. Wewe ambaye vidole vyako havijawahi kugusa unga ila wa kupikia! Mwizi ameingia ndani, amebeba, sasa anamshitaki mwenye nyumba kwamba kabati lilikuwa na kutu.

Hatua sijaacha. Nakuapia kwa kaburi la Baba, nimekuandikia kila ninachokifanya, mpaka chanuo nimekutajia. Kama kimechuja, kimechuja kwa mkono wako. Ulisugua? Uliacha siku mbili kweli au moja na nusu, kama kawaida yako? Mimi vitambaa vyangu havichuji. Muulize kila aliyebeba mkoba wako.

Na lile linaloniunguza hasa hujaligusa. Nafasi ya ualimu. Ya kazi hii hii yangu. Ulijua. Nimekulilia habari ya chumba cha mafaili mpaka nikaona haya, ukawa unaitikia "pole dada, pole dada." Mlango umefunguka, wewe ukapita peke yako na kitambaa changu begani, halafu unaniandikia kuniomba ufunguo! Ungeniambia, ningekuja kwa miguu, hata kama ingenichukua wiki.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa huyo mkuu wa chuo, umtazame usoni, umwambie vitambaa ni vya dada yako. Tarehe 18 nakuja mwenyewe. Vilivyobaki dukani kwako nirudishie kwa basi, na usivikate.

Dada yako, ukipenda usipende

30 Machi

Dada,

Nimemwambia. Umeridhika? Nilisimama ofisini kwake kama mtoto aliyekamatwa na mdomo una sukari. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Basi aje huyo dada, tarehe ileile, saa nne asubuhi." Kwaheri hakunipa.

Lakini na mimi nina langu, na leo utalisikiliza kwa sababu karatasi haikatiki kama simu. Uliporudi nyumbani kutoka kwa mumeo na sanduku moja, ukawa unakaa umeuelekea ukuta, nani alikutumia makopo ya kwanza ya rangi? Nani alikuambia paka, paka chochote, paka hata mto? Vitambaa vyako vilikuwa vinarundikana juu ya kabati mpaka mimi nilipovitia bitana na mkanda. Nani angetembea barabarani amejifunga unga wako? Nimekaa miaka miwili nasikia "kapamba nani, kapamba nani," hakuna hata mmoja anayeuliza kashona nani. Siku moja nikachoka, nikajibu mimi. Nimekosa. Ila usinifanye mwizi wa barabarani.

Vitambaa sirudishi, vimeshakuwa mikoba na vilemba. Njoo na vyako. Na kikichuja mikononi mwako, usinitazame mimi.

Sindano

8 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mjomba amesema wamekufanyia jicho moja na linaendelea vizuri. Nashukuru. Nisamehe, leo siandiki barua ya kukujulia hali.

Tangu uondoke nimekuwa napaka kila Jumamosi kama kawaida na kuviweka vitambaa juu ya benchi vimekakamaa, nikikungoja. Sindano atakuwa amekuandikia ugomvi wetu, na ninajua ameandika kwa upande wake. Basi nikataka vielelezo vya kupeleka kwenye hicho chuo, nikaamua niondoe ukoko mwenyewe. Nikakitia cha kwanza kwenye maji. Kikachuja, Mama. Kikachuja chote.

Nikasema rangi imepitwa na wakati. Nikaenda dukani, nikamwita muuza rangi tapeli mbele ya wateja wake. Mzee wa watu akanipa kopo jipya, akalifungua mbele ya macho yangu. Nikarudia kila kitu upya. Kimechuja. Nikafanya kingine, nikakiacha siku nne badala ya mbili. Nacho kimechuja.

Nikakaa chini sakafuni jikoni, hasira zimenipanda na sina wa kumrushia. Ndipo nikaliona. Miaka miwili hii sijawahi kuondoa ukoko hata mara moja. Jumapili naviacha vimepakwa rangi, Jumanne jioni nikitoka zahanati nakuta viko kwenye kamba. Nikikuuliza, unasema, "Nimesuuza tu." Hicho "tu" chako, Mama, ndicho kilichomwaibisha mdogo wangu mbele ya watu, na mimi nimeapa kwa kaburi la Baba kwamba najua kazi ambayo sijui.

Unafanya nini kwenye lile beseni? Na kwa nini hukuniambia? Zimebaki siku kumi.

Binti yako

12 Aprili

Wanangu,

Barua hii nimeiandika mara mbili, maneno yaleyale, kila mmoja apate yake, asije mmoja akasema nimependelea. Herufi ni kubwa kwa sababu naandika kwa jicho moja.

Mmenichosha. Mmoja anasema mimi, mwingine anasema mimi. Na aliyeinama kwenye beseni kila Jumanne, mgongo unamlia, yeye ni nani? Ni jirani? Nimefua mashuka ya hospitali miaka kumi na tisa. Damu, usaha, dawa ya vidonda, vyote vimepita mikononi mwangu. Katika miaka yote hiyo niliitwa ofisini mara mbili tu, na mara zote mbili ni kwa sababu ya doa. Mmelishwa kwa maji hayo, mmevaa sare za shule kwa maji hayo, na hakuna kati yenu aliyewahi kuniuliza nilikuwa nafanyaje.

Wewe kifungua mimba wangu, umeniuliza kwa nini. Nitakuambia, na mdogo wako asikie. Ulikuwa na miezi minne tangu urudi. Ulikuwa unakula kwa sababu nakutazama. Jumamosi ile Sindano alipokutumia rangi, nilikuwa uani, nikakusikia unacheka peke yako jikoni. Nilidhani kuna mgeni. Nikachungulia, nikakuona una unga mpaka kwenye nyusi. Jumanne ukaniambia, "Mama, nisuuzie," ukaenda kazini. Nikakitia kwenye maji, yakageuka bluu. Nikakinyakua, nusu ya rangi imeshaondoka. Nilikaa pale nimekikumbatia, nimelowa, nikalia kwa hasira. Halafu nikafanya tulivyokuwa tunafanya na mapazia mapya ya wodini, na ile nusu iliyobaki ikashika. Jioni ukakiona kwenye kamba ukasema, "Tazama, kimefifia vizuri!" Nikanyamaza. Wiki iliyofuata nikanyamaza tena. Baada ya hapo ningeanzaje?

Haya, andikeni. Kabla maji matupu hayajakigusa kitambaa: beseni la maji ya uvuguvugu, yasiyochoma kiwiko. Chumvi ngumi mbili. Shabu, ile ya mawe wanayouza kwa vinyozi, kipande cha ukubwa wa yai, uisage, uikoroge mpaka isionekane. Kitambaa kiingie na ukoko wake, kikae saa nzima, na usikichokoe. Kwangua humohumo. Kisha maji ya baridi, haraka haraka, na kuanika kivulini. Ni hivyo tu. Samahani, nimesema tena "tu."

Tarehe 18 nendeni wote wawili. Msinipigie simu kugombana, daktari amenikataza kulia mpaka jicho lipone.

Mama yenu

20 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Sindano alinipokea stendi. Hakunisalimu. Alininyang'anya ndoo mkononi nusura ang'oe mshikio wake, akatangulia, tukaenda mtaa mzima kama watu wanaodaiana. Tulipofika getini pa chuo akasema "shikamoo" akitazama bango. Nikaitikia nikitazama ndoo.

Nilichukua vitambaa vitatu. Chumvi nilipima kwa ngumi yangu, ni ndogo kuliko yako, nikaongeza. Nilipokizamisha cha kwanza nilishika ukingo wa meza. Saa nzima, Mama, watu ishirini na sita wamekaa wananitazama nikitazama beseni. Nikakwangua. Maji yakachafuka unga, basi. Rangi imekaa. Nyufa zote zipo, na ndege yupo na shingo yake. Wanafunzi wakapiga makofi. Yule msichana wa kicheko alikuja kushika kwa kidole kama mtoto.

Mkuu wa chuo akaniuliza nimeifanya kazi hii muda gani. Nikamwambia kupaka, miaka miwili. Kuondoa ukoko, siku nne. Akadhani namtania. Nikamweleza yote, wewe, wodi, mapazia. Nikamwambia na mishono ya mikoba ni ya huyu hapa, aiangalie upande wa ndani. Amenipa muhula mmoja wa majaribio, naanza mwezi ujao. Sindano yeye ameambiwa, "Wewe nitakuita," kwa sauti ile ya mtu asiyeita. Alikwenda kulia chooni. Nilisimama nje ya mlango mpaka akamaliza, ingawa hasira juu yake bado ninazo.

Muuza rangi nimekwenda kumwomba radhi mbele ya watu, kama nilivyomtukana.

Imebaki yako. Nimekukasirikia, Mama, kuliko nilivyomkasirikia Sindano. Yeye alichukua jina langu, nikamdai, akalirudisha. Hili lako nitalidai vipi? Uliona mimi ni yai, ukanizungushia pamba, na kila mtu amekuwa akilisifu yai. Nimesimama mbele ya wateja wa muuza rangi nikijigamba vyangu havichuji. Nimemwapia uongo mtoto wa mama yangu. Watu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe hukunifunza, na ulimwengu ulipokuja kunifunza ukauambia sipo nyumbani.

Ungeniacha niyaone yale maji. Ningelia, najua, labda nisingekula siku hiyo. Lakini siku ya pili au ya tatu ningekuja nikuulize, Mama, kule hospitali mlikuwa mnafanyaje? Ungenieleza. Miaka miwili tumeishi chini ya paa moja, mimi nahangaika na rangi, wewe unazijua, na hatujawahi kukaa kuzungumza habari ya kazi yako hata jioni moja. Hilo ndilo linaloniuma, na sehemu yake ni kosa langu, ndiyo maana hasira hazishuki.

Ukirudi, beseni usiliguse. Nitakuwekea kiti pale mlangoni, ukae na jicho lako limefungwa, unieleze ya wodini tangu siku ya kwanza, nami nitaondoa ukoko. Ukiona nakosea, nyamaza kwanza. Kikichuja, kichuje nikiona.

Binti yako